Kopa Lenye Macho

Kornel wa Kiegei aliitwa Kopa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa na haki ya kumwita hivyo. Kijijini wengine wote walimjua kama mpulizaji wa salfa mikoroshoni, kama mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya ya kigango, au kama baba yake Nicholaus. Ni Shaban peke yake aliyeweza kusimama mbele ya nyumba yake, kabla hajapiga hodi, akaita kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani:

"Kopa! Bado hujarudi kwenu tu?"

Naye Kornel, hata kama yuko bafuni na sabuni machoni, angejibu, "Nitarudije, na ninyi Wamwera hamjajua kupika?"

Wawili hao walikuwa watani. Utani wao haukuwa mzaha wa kupitisha muda barazani. Ulikuwa ule wa kurithi, ambao mtu hauchagui na hauombei radhi. Baba yake Shaban alikuwa mtani wa mama yake Kornel, na watoto waliukuta utani huo kama walivyoikuta njia ya kwenda shambani. Shaban alikuwa Mmwera na Mwislamu. Kornel alikuwa Mmakonde na Mkatoliki, na ukoo wake ulikuwa na asili ng'ambo ya Ruvuma, katika nchi ya Msumbiji. Mmoja akifiwa, mwingine huwa wa kwanza kufika. Hushika jembe la kaburi, huvaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, hulala katikati ya njia ili jeneza lisipite, mpaka wafiwa wamtukane vya kutosha na kucheka katikati ya machozi yao. Hata Shaban alipohamia Nambilanje, upande wa Ruangwa, kufuata mashamba ya ufuta, hakukosa msiba hata mmoja wa Kiegei.

Na katika kila msiba, kila harusi, kila sherehe ya kuwatoa vijana jandoni, Shaban alisimulia habari ya kopa, yaani kipande cha muhogo uliokaushwa juani.

"Mnamwona huyu?" angeanza, akimwonyesha Kornel kwa fimbo. "Huyu hakuzaliwa, alianikwa! Mama yake alimtia ndani ya tenga, akamfunika kwa makopa ya mihogo, akajitwisha kichwani mpaka mtoni. Askari wa Mreno wakamsimamisha. 'Umebeba nini?' 'Makopa, bwana.' Askari akachomeka singe: makopa. Akachomeka upande wa pili: makopa. Akafunua kidogo, akaona kopa moja linamtazama. Akasema, 'Mama, mbona kopa hili lina macho?' Mama akamwambia, 'Bwana, huo ni muhogo wa mwaka jana, umeota.'"

Watu wangeanguka kwa kicheko, ingawa walikuwa wameisikia mara zisizohesabika. Halafu wangegeuka kumtazama Kornel, maana zamu ilikuwa yake.

"Msikilizeni mchimba ming'oko huyu!" Kornel angesema. "Baba yake alitupokea kwa roho nzuri? Thubutu! Alinusa makopa tangu Masasi. Kwao walikuwa wamekula mizizi ya porini mpaka wanaanza kuota majani masikioni. Kopa hili ndilo lililowafufua!"

Kilichokuwa cha ajabu, na pengine si ajabu kwa watu walioishi hivyo, ni kwamba katika miaka hiyo yote hakuna aliyeuliza kama habari hiyo ilikuwa kweli. Mama yake Kornel, Koleta, alifika Kiegei wakati wa vita vya Msumbiji dhidi ya Mreno, wakati ambao Nachingwea nzima ilikuwa imezoea kupokea watu kutoka kusini, wapiganaji na wakimbizi, na aliyepewa mahali pa kulala hakuulizwa karatasi. Baba yake Shaban alimkatia kipande cha pori pembezoni mwa kijiji. Wengine walisema alifika na mimba. Wengine walisema alifika na mtoto. Waliojua kwa hakika walikuwa wamekwisha kuzikwa, na Koleta mwenyewe, ambaye alipanda mikorosho katika pori lile mmoja baada ya mwingine mpaka likawa shamba, alikuwa amelala chini ya mikorosho hiyohiyo, katika kaburi ambalo Kornel alilifagia kila Jumamosi.

Shamba hilo ndilo lililoleta swali.

Kijiji kilipoanza kupima mashamba ili kila mwenye lake apewe hati ya kimila, wapimaji walitembea mpaka pembe za shamba la Koleta, wakaweka alama, wakamsifu Kornel kwa usafi wa mikorosho yake. Kisha wakamwomba namba ya kitambulisho cha taifa. Hakuwa nayo. Alikuwa ameomba zamani, akaambiwa asubiri kwa sababu maelezo ya wazazi wake yana utata, naye akasubiri kwa utulivu wa mtu anayedhani kwamba jambo lisilomsumbua yeye haliwezi kumsumbua mtu mwingine. Sasa mtendaji wa kijiji alimweleza waziwazi: hati hutolewa kwa raia. Asipopata namba, shamba litaandikwa kuwa ardhi ya kijiji. Yeye atalilima tu akiwa hai, na watoto wake hawatakuwa na cha kudai.

"Na kaburi?" Kornel aliuliza.

Mtendaji alikuwa kijana mwenye adabu. Alitazama chini. "Kaburi litakuwa ndani ya ardhi ya kijiji, mzee."

Ikatangazwa kwamba afisa wa uhamiaji atafika katika ofisi ya kata kuwasikiliza wote wenye utata, na kila mmoja aje na shahidi aliyemfahamu tangu utotoni.

"Nani atakusimamia?" aliuliza Dionisia, mkewe, akipepeta mchele uani.

"Shaban."

Ungo ulisimama. "Shaban! Baba Nicholaus, una akili zako? Mchukue katekista Maximilian."

"Maximilian kaja hapa akiwa tayari na ndevu. Shaban ananijua tangu mwanzo."

"Anakujua, sawa. Lakini mdomo wake hauna breki. Atakutania mbele ya serikali."

"Kwani serikali haina watani?"

Dionisia akaendelea kupepeta. Kornel alidhani ameshinda. Kwa namna alivyolelewa, hakuweza kufikiria shahidi mwingine. Angewezaje kumwita mtu mbali na yule ambaye siku moja ataushika mwili wake, atavaa kofia yake na kuuonyesha umati jinsi alivyokuwa akitembea?

Siku ya kusikilizwa Shaban alifika kwa bodaboda akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya. Mke wake, Mwanne, alikuwa amempaka mafuta mpaka paji la uso linang'aa. Yeye na Kornel walipoketi kwenye benchi la ofisi ya kata, nusu ya Kiegei ilikuwa imekwisha kukaa, wengine wakiwa na mashauri yao, wengine wakiwa hawana shauri lolote ila masikio. Afisa aliitwa Eva. Alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti, aliyetoka mikoa ya ziwani na ambaye hakuwahi kumkatisha mzee yeyote asubuhi ile.

Akamwita Kornel, akamuuliza mahali alipozaliwa. "Hapahapa Kiegei," Kornel alijibu, wala hakuona kwamba anasema uongo. Ndivyo alivyoandikwa shuleni, ndivyo alivyoandikwa kwenye kadi ya kupigia kura. Aliamini hivyo kwa namna mtu anavyoliamini jambo ambalo hajawahi kulipima.

"Mzee Shaban," Eva akasema, "unamfahamu huyu?"

Shaban alisimama. Baadaye angeapa kwamba alikuwa amejiandaa kusema maneno manne ya heshima na kukaa. Lakini alipogeuka aliona benchi zima linamtazama, midomo imekwisha kuanza kutabasamu, kama watu waliosikia ngoma ikipashwa moto. Mtu ambaye amesimama mbele ya nyuso hizohizo tangu ujanani, na kila aliposimama zikamwomba jambo lilelile, huenda hana uhuru mkubwa kama tunavyopenda kufikiri.

"Huyu?" akasema Shaban. "Afande, huyu usimwandike! Huyu ni mzigo wa Mreno, ulidondoka njiani!"

Ofisi ikalipuka. Na Shaban akaendelea, tenga, makopa, singe, mto, mpaka kopa lenye macho. Mwanamke mmoja alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mtendaji mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika.

Hapo Kornel angeweza kunyamaza. Hilo ndilo alilolirudia moyoni baadaye, wakati wa kupulizia salfa, wakati wa kuokota korosho, hata kanisani wakati wa sadaka. Angeweza kunyamaza, na maneno ya Shaban yangebaki kuwa maneno ya Shaban. Lakini zamu ilikuwa yake. Kicheko kilikuwa kinamsubiri, na kumwacha mtani wako akiwa amesimama bila jibu ni kumvunjia heshima mbele za watu.

"Afande, usimsikilize mchimba ming'oko huyu!" alisema kwa furaha. "Kweli nilikuja na tenga, lakini mwulize nani alilimaliza! Baba yake alikula mpaka kamba za tenga!"

Wakacheka mpaka wakachoka. Eva naye alitabasamu. Alisubiri, kalamu ikiwa mezani, mpaka mtu wa mwisho alipomaliza kukohoa.

"Na mimi nina watani," akasema. "Babu yangu alipokufa watani waliiba jogoo wetu na kumchinja palepale. Najua mnachofanya, na ni kizuri. Lakini mimi nimetumwa kuuliza, na nitaulizwa nilichojibiwa. Kwa hiyo naomba tuuweke utani pembeni kidogo." Akamgeukia Kornel. "Mzee wangu, umesema ulizaliwa hapa. Sasa hivi umesema ulikuja na tenga. Ulivuka mto, au hukuvuka?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Kornel alifungua kinywa, akamtazama Shaban, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao aliona kwamba mtani wake anaogopa.

"Sijui," akasema.

"Mzee Shaban, wewe unajua?"

"Ah, afande, ni maneno tu ya..." Shaban alivua kofia, akaivaa tena. "Ni maneno ya marehemu baba. Naye alikuwa mtani. Sasa mtani, unajua, afande, mtani..." Akakaa.

Eva hakumtisha mtu. Alieleza kwa upole kwamba hakuna anayefukuzwa wala kufungwa. Kwamba kama Kornel alizaliwa ng'ambo, ipo njia ya kuomba uraia wa tajnisi, ingawa ni ndefu na ina gharama, na hati ya shamba haitaweza kutolewa kabla ya hapo. Na kwamba kama alizaliwa Kiegei, alete kiapo cha mtu mzima anayelijua jambo hilo kwa hakika. Akaliweka jalada upande. Watu waliotoka nje hawakucheka. Waliagana harakaharaka, kila mmoja akajifanya ana kazi nyumbani.

Tangu siku hiyo Kornel alianza kumtafuta mama yake.

Alimtafuta katika mambo madogo, kwa kuwa makubwa hayakuwepo. Alikumbuka kwamba nyumbani kwao hapakuwahi kuwa na makopa. Majirani wote walimenya mihogo, wakaikata, wakaianika juu ya paa mpaka ikawa myeupe kama chaki; Koleta aliila mibichi au aliichemsha, na iliyozidi aliigawa. Wala hapakuwa na tenga. Kuku wake aliwafunika kwa sufuria bovu. Kornel alipokuwa mtoto alidhani mama hapendi vumbi la makopa. Sasa alijiuliza kama ni vumbi.

Na palikuwa na asubuhi moja ambayo angetoa mkono wake mmoja ili airudie. Walikuwa shambani wakikusanya mabibo, mama yake akiwa tayari mzee, amekaa chini akizing'oa korosho kwenye matunda, juisi imemchuruzika mpaka viwikoni. Bila kuulizwa, na bila kuinua macho, akasema kwa Kimakonde:

"Siku ile maji yalikuwa yamejaa. Nilikuziba kinywa. Nilikuziba mno, nikadhani..."

Kornel akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kwa sababu alidhani amealikwa kucheka. "Ah, mama, na wewe tena! Hiyo hadithi ya kopa Shaban ameimaliza yote, hajakubakizia hata mkia."

Koleta alimtazama mwanawe. Halafu naye akacheka, kicheko kifupi, akachukua bibo lingine. "Kweli," akasema. "Shaban ameimaliza."

Hakulisema tena mpaka alipofariki.

Kwa nini hakumngoja mama yake amalize sentensi? Kornel hakupata jibu lililomridhisha. Wakati mwingine alijitetea kwamba utani uliwasaidia, kwamba mwanamke aliyevuka mto na mtoto aliyezibwa pumzi hakuweza kuishi katika kijiji cha ugenini kwa miaka mingi bila mtu wa kumgeuzia hofu yake kuwa kichekesho. Wakati mwingine alihisi kwamba kicheko kile kilimnyang'anya mama yake kitu, na kwamba yeye, mwanawe, ndiye aliyekuwa akipiga makofi.

Shaban alirudi mvua za kwanza zilipoanza, safari hii pamoja na Mwanne. Hakuita kutoka barabarani. Alipiga hodi. Dionisia alipotoka na kumkuta amesimama kimya na mkewe nyuma yake, alidhani wameleta habari za kifo.

"Karibuni, shemeji. Kuna nini?"

"Kuna heri," Shaban alisema. Alipokaa aliiweka kofia juu ya goti. "Mtani, nimekuja kulimaliza. Mimi ndiye niliyeharibu kwa mdomo huu, nitatengeneza kwa mdomo huuhuu. Nitakwenda Ruangwa, mahakama ya mwanzo, nitaapa kwamba ulizaliwa hapa."

"Utaapaje jambo usilolijua?"

"Mimi nimekutangulia kuzaliwa. Nilikuwa mtoto, nina macho."

"Uliona nikizaliwa?"

Shaban aliigeuza kofia juu ya goti. Mwanne alitazama nje, kwenye mvua.

"Nitakwambia nilichokiona," Shaban akasema hatimaye, "halafu sitakisema tena. Nilimwona mama yako amekaa barazani kwetu. Amelowa. Baba amemvika shuka lake. Mama yangu analia, na sikuwa nimewahi kumwona mama akilia kwa ajili ya mtu asiye ndugu."

"Amelowa maji ya mvua au ya mto?"

"Mto uko mbali, mtani. Nguo hazikai na maji safari yote hiyo."

"Kwa hiyo mvua."

"Amelowa tu. Ndivyo ninavyomkumbuka."

"Na mimi? Nilikuwa tumboni au mapajani?"

Shaban alianza kusema, akamtazama mkewe. Kisha akasema taratibu, kila neno likiwa peke yake, kama mtu anayejaribu daraja bovu: "Ulizaliwa Kiegei. Nilikuwepo."

"Shaban," Kornel akasema, "wewe ni mtu wa kuswali."

"Ndiyo maana nataka uniambie nisiende," alijibu Shaban, na akajaribu kutabasamu. "Sema tu. Sema, 'Mchimba ming'oko, kaa kwako.' Nitakaa."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Kupitia mlangoni Kornel aliweza kuona njia inayoelekea shambani, na mwisho wake mikorosho ya kwanza, ile mikubwa zaidi, ambayo mama yake aliipanda kabla ya mingine. Alifikiria kaburi ndani ya ardhi ya kijiji, na watoto wake wakiomba ruhusa kulifagia. Alikuwa na maneno ya kumzuia Shaban. Yalikuwa mepesi na yalikuwa karibu. Akayaacha yapite.

"Unywe kwanza chai," akasema.

Walikwenda Ruangwa pamoja. Kornel alisubiri upande wa nyuma wa chumba na kumwona Shaban akiuweka mkono juu ya Msahafu na kuapa. Alisema kwamba anamfahamu Kornel mwana wa Koleta, kwamba alizaliwa katika kijiji cha Kiegei, na kwamba maneno mengine yote yanayosemwa juu ya kuzaliwa kwake ni mzaha usio na ukweli. Karani aliyasoma maneno hayo mara ya pili kwa sauti, ili yathibitishwe. Mzaha usio na ukweli. Shaban akaitikia. Mkono alioutumia kuapa aliuficha ndani ya kanzu kama ulioungua.

Wakatoka mpaka stendi. Basi la Dar es Salaam lilikuwa linaita abiria, na vijana wa mizigo walikuwa wanagombania mabegi. Hapo ndipo mahali ambapo, kila walipopita pamoja tangu ujana wao, Shaban humkamata Kornel mkono na kumvuta kwenye mlango wa basi lolote, akipiga kelele, "Kondakta, mpakie huyu, mshushe Msumbiji, nauli nalipa mimi!" Kornel alijikuta ametembea polepole karibu na mlango wa basi, mkono ukining'inia tayari kuvutwa.

Shaban alinunua chupa ya maji, akamfungulia kifuniko na kumpa. "Kunywa, mzee Kornel," akasema. "Jua la leo kali."

Namba ya kitambulisho ilikuja kwenye simu wakati mikorosho inatoa maua. Hati ya kimila ilifuata, yenye jina lake na ramani ya shamba, na Dionisia akaifunga kwenye kitambaa pamoja na cheti chao cha ndoa. Kwenye kigango watu walimpongeza. Kornel alishukuru, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Alikwenda kaburini, akakaa, akamwambia mama yake kwamba shamba sasa ni lao. Ila alipotaka kumwambia ni kwa njia gani limekuwa lao, aliona ugumu. Ilikuwa imeandikwa, na kuapiwa, na kugongwa mhuri, kwamba mwanamke huyu hakumvusha mtoto yeyote mto wowote. Safari yake haikuwa na shahidi mwingine ila ile hadithi ya kuchekesha, na msimuliaji wa hadithi hiyo amekwisha kuikana mbele ya hakimu. Kama aliziba kinywa cha mtoto mpaka akadhani amemuua, sasa hakuna mahali duniani ambapo jambo hilo lilitokea.

Shaban hakuacha urafiki. Alipiga simu. Aliuliza hali, akatuma salamu kwa shemeji. Katika harusi ya Nicholaus alikuja na zawadi, akakaa mstari wa mbele, na watu walipomwomba aseme neno alisimama, akawatakia maharusi maisha marefu, akakaa. Wazee walitazamana. Kijana mmoja aliuliza, "Na kopa je?" Mwenzake akamkanyaga mguu.

Mwaka uliofuata, wakati wa mabibo, Mwanne aliugua ghafla na kufariki.

Kornel alipata habari alfajiri, na kabla jua halijapanda alikuwa nyuma ya bodaboda akielekea Nambilanje. Njia nzima aliandaa maneno. Aliamua kwamba kama Shaban ameufunga mlango wa utani kwa sababu ya kiapo, basi yeye ataufungua, kwa kuwa msiba ni mahali ambapo hata serikali huvua viatu. Alifika, akaenda moja kwa moja makaburini, akamnyang'anya kijana jembe na kuchimba mpaka shati likashikana na mgongo. Kisha akarudi nyumbani kwa wafiwa, na sala ilipokwisha na jeneza lilipoinuliwa, Kornel akavua viatu, akatembea mpaka katikati ya njia, akajilaza chali akanyoosha mikono.

"Hapiti mtu!" akapiga kelele. "Mwanne hapiti hapa mpaka Wamwera waniambie mimi ni nani!"

Miguu ya wabebaji ikasimama. Kornel alihisi joto la udongo kwenye mgongo na kisogo, na akangoja. Alijua kinachotakiwa kufuata. Mtu atamwita Kopa, mwingine atataka tenga liletwe, wanawake watapiga vigelegele katikati ya kilio, na Shaban, ambaye hajacheka tangu alfajiri, atacheka bila kutaka, na pumzi itamrudia.

Uso wa Shaban ulitokea juu yake, kati yake na jua. Ndevu zilikuwa zimelowa. Kornel aliona macho yale yakimtambua, akaona midomo ikianza kufunguka kwa namna aliyoijua tangu utoto. Ndipo Shaban alipogeuza kichwa kidogo. Kati ya waombolezaji alikuwepo karani wa mahakama, yuleyule aliyekisoma kiapo, na karibu naye viongozi kadhaa wa kutoka Ruangwa, wamevua kofia, wanatazama. Midomo ikafungwa.

Shaban aliinama, akamshika Kornel mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Wewe ni mzee Kornel," akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Umezaliwa Kiegei. Inuka, ndugu yangu, utaungua na jua."

Akamwinua, akampangusa vumbi mgongoni, taratibu, bega moja na kisha la pili. Watu wakawapisha kwa heshima kubwa, na mtu mmoja akamletea Kornel viatu vyake. Jeneza likapita. Kutoka pale mpaka makaburini hakuna aliyecheka.